Besi Yangu Nimeikuta Maungu

Kama uko shambani, weka jembe chini usogee kivulini. Kama uko kwenye usukani barabara ya Mombasa, macho yabaki mbele. Mimi nataka masikio tu.

Jumamosi moja nilialikwa harusi Maungu. Pilau imepakuliwa, soda zimegawiwa, bwana harusi anaingia na watu wake, spika zikafunguliwa. Nikasikia besi. Kijiko kikabaki hewani. Ile besi ilikuwa yangu! Sisemi ilifanana na yangu, ilikuwa yenyewe. Inapanda noti tatu, inateleza, inatua, halafu inarudi mwanzo mbio kama mtu aliyesahau funguo nyumbani. Mwezi mmoja nyuma nilikuwa nimeiweka kwenye wimbo wa kwaya yetu, chumbani kwangu hapa Ndara, saa sita usiku, na wimbo wenyewe ulikuwa haujatoka.

Nikamfuata kijana wa muziki. "Mwanangu, wimbo huu ni wa nani?" Akasema ni wa dada yake, ameurekodi mwenyewe nyumbani kwao Voi. Na besi kampigia nani? Kijana akacheka. "Mzee, hakuna mtu hapo. Ni laptopu."

Nikarudi kwenye pilau yangu kimya kimya, maana hata yangu ilipigwa na laptopu. Mimi na dada wa watu, ambao hatujawahi hata kusalimiana, tulifungua programu moja, tukachagua staili moja, tukaandika kodi tatu zile zile. Kodi za gitaa nasema, si zile tunazolipa KRA. Mashine haina upendeleo: ikampakulia yeye, ikanipakulia na mimi, sufuria ile ile.

Basi leo nataka tuizungumze hii bendi isiyokula, isiyodai nauli na isiyochelewa mazoezini. Nimeishi nayo miaka kadhaa sasa. Nimeipenda, nimegombana nayo, na nadhani nimejua ikae wapi ndani ya nyumba.

Kwa asiyeijua, iko hivi. Unaandika kodi za wimbo wako mstari kwa mstari, kama mwalimu anavyoandika ubaoni. Unachagua mwendo, tuseme mapigo 96 kwa dakika. Unachagua staili: rege, rumba, waltz, injili ya Marekani. Unabonyeza. Chai haijapoa, tayari una drams, besi, kinanda na gitaa la rithimu vinakusindikiza, na hakuna noti hata moja iliyokosewa. Programu iliyojipatia jina kwa kazi hii ni Band-in-a-Box, aliyoiunda Peter Gannon kule Kanada ikatoka mwaka 1990. Wengi wetu tulikutana na jamaa yake bila kujua: kile kinanda cha Yamaha kanisani, ambacho mpigaji anabonyeza kodi kwa mkono wa kushoto, na drams na besi zinajipiga zenyewe huku yeye akigeuka kuwaangalia waimbaji.

Siri ya mambo haya ni lugha iitwayo MIDI, ambayo watengenezaji wa vinanda vya umeme walikubaliana kuitumia mwaka 1983. Watu wengi hudhani MIDI ni sauti. Sauti haimo. Ni maagizo matupu: piga noti hii, sasa hivi, kwa nguvu ya kiasi hiki kwenye kipimo kinachoishia 127, achia. Ni karatasi ya mapishi, chakula utajipikia. Ndiyo maana faili lake ni jepesi, unamtumia mwenzako kwa simu bila data kushtuka. Na ndiyo maana maagizo yale yale yakifunguliwa kwenye mashine yako yatalia piano ya ukumbini, na kwa jirani yatalia kama simu ya zamani inayoita sokoni.

Nisionekane naibeza mashine. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, alipotakiwa kurekodi mwaka 1928, alipandishwa meli Unguja akapelekwa Bombay. Bahari nzima, kwa ajili ya santuri! Fadhili William, mzaliwa wa Taita Taveta mwaka 1938, ambaye hata jina lake la mwisho, Mdawida, lilikuwa linamtangaza kwao ni wapi, umaarufu aliupatia Nairobi, kwenye studio. Ule wimbo wa "Malaika" watu wanabishana mpaka leo ulitungwa na nani. Aliyeurekodi anajulikana, ni yeye, na waliopiga walikuwa watu, wamesimama chumba kimoja, mmoja akikosea wote wanarudia. Kwa mtu wa huku kwetu kurekodi kulikuwa safari. Reli inapita Voi, unachagua tu ushuke Nairobi au ushuke Mombasa, na miji yote miwili ilikuwa mbali na mfuko wako.

Mimi mwenyewe nilipokuwa kijana nililipia studio moja kwa saa, mjini, jina lake nalifunika. Saa ya kwanza iliishia kwenye kufunga nyuzi za gitaa zikubaliane. Ya pili fundi alikuwa kwenye simu. Tulitoka na kanda yenye wimbo mmoja na nusu, na ile nusu ndiyo iliyokuwa nzuri. Kwa hiyo mtu akiniambia leo nitafanya kazi nyumbani kwangu, kwa wakati wangu, nikikosea nafuta narudia bila mtu kutazama saa, hahitaji kunishawishi mara mbili. Nyota Ndogo, ambaye sauti yake inajulikana Pwani nzima, amefanya Voi kuwa nyumbani kwake, hakusubiri Nairobi impe kibali cha kuwa msanii. Umbali si ule tena.

Sasa niwatembeze chumbani kwangu. Ni kidogo, paa la mabati, kitanda kimesimamishwa ukutani. Godoro nimeliegemeza nyuma ya maiki, blanketi mbili nzito zimening'inia pembeni kwenye kamba ya nguo. Hiyo ndiyo studio. Adui wa kwanza ni upepo. Mnaujua upepo wa nyika hii, unaoingia hata penye ufa wa sindano. Adui wa pili ni malori yanayopanda barabara kuu usiku, na treni ya mizigo. Wa tatu hukumtarajia: ni lile paa lenyewe. Jua likizama mabati hupoa, na yakipoa hulia, tak, tak, kama mtu anayevunja njugu juu ya kichwa chako. Nilimlaumu paka miezi miwili. Kwa hiyo sauti sirekodi kabla ya saa nne usiku, na feni naizima, hata kama ni mwezi wa pili na shati linanishika mgongoni.

Vifaa ni vichache. Laptopu ya mitumba, maiki moja, hedifoni za kuziba masikio, na kile kisanduku cha kuingizia sauti kwenye kompyuta, ambacho vijana wanakiita kadi. Programu ya kurekodia si lazima ikufilisi. Audacity ni ya bure, imekuwepo tangu mwaka 2000. Reaper leseni yake ya mtu binafsi ni dola 60. Hizi za kunakiliwa kwenye flashi za mjini sizisemi. Aliyezitumia anajua virusi alivyovikaribisha.

Kuna jambo moja la kitaalamu lazima nilitaje, maana limewavunja moyo watu wengi wakadhani hawajui kuimba. Unaimba, na sauti yako inakurudia kwenye hedifoni imechelewa, kama mtu anayekuigiza nyuma yako. Kompyuta huipokea sauti kwa mafungu. Ukiiambia ipokee fungu la vipimo 1,024 kwa wakati mmoja, na kila sekunde ina vipimo 44,100, tayari umechelewa sehemu 23 za elfu za sekunde, na hiyo ni safari ya kwenda tu. Shusha fungu lifike 128, inabaki kama 3. Unaporekodi, shusha. Ukimaliza na kuanza kuchanganya, pandisha, vinginevyo laptopu ya mitumba itakohoa. Na usiiache sauti igonge dari ya kipimo. Taa nyekundu ikiwaka, hiyo sauti imeungua, na sauti iliyoungua haioshwi.

Hayo ni mepesi. Ugumu wa kweli ni ufuate utaratibu gani, na hapo ndipo nilipogombana na bendi yangu.

Utaratibu ambao kila mtu atakufundisha ni huu: kwanza tengeneza muziki kwenye programu, drams, besi, kinanda, kila kitu. Ukikamilika, utoe kila chombo kwenye treki yake, uziingize kwenye programu ya kurekodia, halafu mwisho kabisa uvae hedifoni uimbe juu yake. Nilifanya hivyo miaka miwili. Nyimbo zilitoka safi. Zilitoka safi mno, mke wangu akaniuliza, "Hii nayo ni ile ya jana?"

Kisha tukataka kurekodi wimbo wenye ngoma. Kuna mzee mmoja, kwao ni Wundanyi, ameoa upande wa Sagalla. Ujana wake wote amepiga ngoma, zikiwemo zile kubwa za mwazindika, ngoma ya Wadawida ya tiba na mambo ya pepo. Sikumwomba apige mwazindika chumbani kwangu, hilo lina mahali pake na watu wake. Nilimwomba mdundo tu wa kusindikiza akina mama. Nikamvalisha hedifoni, ndani yake kuna ule mlio wa metronomu, ti, ti, ti, ti, na bendi ya laptopu imeshajipanga nyuma. Akasikiliza kidogo. Akazivua, akazitazama.

"Mwanangu, huyu anayegonga sikioni mwangu, amefundishwa na nani?"

Nikamweleza. Akajaribu tena, kwa heshima tu. Haikuwezekana. Mashine ilikuwa inahesabu nne, yeye anahesabu sita. Na zile sita zake si sita za ubaoni, kuna mbili zinazotembea ndani ya tatu, mkono wa kulia unasema hili na wa kushoto unasema lile. Anayejua chakacha anajua ninachosema. Programu yangu ina staili nyingi kuliko nguo za mitumba Voi, na chakacha nimeitafuta humo sikuiona. Kuna kitu kimeandikwa "Afro". Nikikufungulia utadhani ni tangazo la shirika la ndege.

Tukaizima bendi yote. Nikamwambia mzee, piga utakavyo. Akapiga dakika nne. Akina mama wakaimba papo hapo, mlango wazi kwa sababu ya joto, na jogoo wa jirani yumo ndani ya rekodi, anasikika vizuri tu. Baadaye nikapima: alianza kwenye mapigo 96, akina mama walipoingia kwenye kiitikio alikuwa 101, na mwisho 105. Kwa kipimo cha mashine huyu mzee hajui kushika mwendo. Kwa kipimo cha yeyote aliyewahi kucheza ngoma, mwendo usipopanda pale kwenye kiitikio, mtarudi kukaa.

Siku hiyo nikageuza kazi yangu juu chini. Sasa ngoma ndiyo ya kwanza, au kama hakuna ngoma, sauti na gitaa moja, bila metronomu. Mtu anaimba kama anavyoimba. Kisha nakaa na ile rekodi, na kwenye programu naweka alama kila pigo lilipoangukia, moja moja, kwa mkono. Inachosha, sikufichi, wimbo wa dakika nne unakula jioni nzima, na stima ikikatika katikati unajuta. Lakini ukimaliza, programu ina ramani ya mwendo wa mtu. Hapo ndipo naiita bendi ya laptopu, naiambia ifuate ramani. Mzee akikaza, besi inakaza. Akivuta pumzi, kinanda kinasubiri. Kwa kuwa yote ni maagizo ya MIDI na si sauti iliyoganda, inawezekana. Mashine inatii tu ilichoandikiwa, na kwa mara ya kwanza imeandikiwa na mtu wa kwetu.

Baada ya hapo naanza kufuta. Ikiniletea vyombo vitano, najiuliza kila kimoja: je, kuna mtu kati ya hapa na Mwatate anayeweza kupiga hiki? Gitaa la rithimu, yupo. Kayamba, wapo wengi mno. Makofi, kwaya nzima. Kila anayepatikana anakuja, anasikiliza alichopiga mashine, anacheka au anakubali, anapiga chake, na treki ya mashine naifunga. Kwa kazi hiyo ya kushikia nafasi, wala sioni mshindani wake. Mpiga gitaa anayefika na kukuta wimbo una mifupa tayari hafanyi kazi siku tatu, anafanya mchana mmoja, na nauli unamlipa mara moja.

Mtaniuliza kama si udanganyifu kuchanganya cha kweli na cha bandia. Jibu langu liko chini ya huo mlima wetu, hebu utazameni. Wamisionari wa karne ya 19 waliuita Ndara, sisi leo tunasema Sagalla. Chini yake kuna mashamba yaliyozungushiwa mizinga ya nyuki ili kuzuia tembo. Mtafiti Lucy King na wenzake walionyesha mwaka 2007 kwamba tembo wakichezewa rekodi ya nyuki waliokasirika wanaondoka mbio. Lakini rekodi haichomi, na tembo si mjinga, atajua siku moja. Kwa hiyo uzio wa wakulima una nyuki hai, mizinga imening'inizwa kwenye waya, tembo akiugusa waya mizinga yote inatikisika. Na angalieni vizuri mtakapopita: katikati ya mzinga na mzinga kuna ubao tu, umekatwa mfano wa mzinga, mtupu. Wa kweli, wa bandia, wa kweli, wa bandia. Gharama inapungua na uzio unafanya kazi, kwa sababu aliyemo kwenye ile ya kweli anauma.

Wimbo wangu naufanya hivyo hivyo. Ngoma na sauti ziwe na nyuki ndani. Ubao wa kinanda cha nyuma, sawa, hautamdhuru mtu.

Kuhusu hizi programu mpya, Suno na wenzake, unazoziandikia sentensi moja zikakuletea wimbo mzima na mwimbaji wake, sitakaa nazo sana. Kampuni kubwa za santuri za Marekani zilizishtaki mwezi wa 6 mwaka 2024, zikidai zimefundishwa kwa nyimbo zao bila ruhusa. Mimi lalamiko langu ni dogo zaidi. Niliijaribu. Niliomba wimbo wa Kitaita, ikaniimbia maneno ambayo si Kitaita, si Kiswahili, si Kigiriki. Na hata ingepatia, wimbo unakuja umeshajaa, sikuona pa kumkaribisha mzee na ngoma yake.

Na wewe unayeweka nyimbo mtandaoni, jambo la mkate. Maneno yako na sauti yako ya kuimba ni mali yako, sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inakulinda, na bodi ya hakimiliki, KECOBO, wanasajili. Ile besi ya programu huwezi kuisimamia mahakamani ukasema umeibiwa, kwa kuwa kila aliyenunua programu anayo. Mitambo ya YouTube inayolinganisha sauti inaweza hata kukudhania wewe ndiye mwizi. Soma masharti ya programu kabla hujatoa wimbo. Ni marefu, yasome tu.

Nimalizie pale nilipoanzia. Yule dada wa Voi nilipata kuonana naye, tukacheka sana. Tukawekeana nyimbo zetu mbili kwa pamoja kwenye spika, na besi zikatembea bega kwa bega kuanzia mwanzo hadi mwisho kama askari wa gwaride. Yeye kabadilisha yake: kampata mjomba wake anayejua kinanda, kapiga besi kwa mkono wa kushoto, ina makosa mawili na ni tamu. Mimi kwenye wimbo wa kwaya nimeshapata mtu wa kila chombo isipokuwa kimoja. Wimbo umekaa kwenye laptopu unasubiri.

Kwa hiyo, msikilizaji, kama unapiga gitaa la besi na unakaa popote kati ya Voi na Maungu, acha ujumbe hapa kituoni. Kazi ni ya mchana mmoja. Nauli ya kuja na kurudi ni juu yangu, na sahani ya kimanga itakuwepo.